Kamera Isiyo na Matabishi

Kila asubuhi ya likizo, kabla soko la Kamembe, mji wa Rwanda ulio mpakani na Kongo, halijachangamka na kabla waendesha pikipiki hawajaanza kugombania abiria, Mahoro alikuwa ameshafungua mlango wa studio ya baba yake, amefagia, na kulikung'uta pazia kubwa lililochorwa ndege. Watu wengi wa Kamembe hawajawahi kupanda ndege, lakini karibu wote wana picha wamesimama mbele ya ile ya baba yake, mzee Nasiri. Mchoraji alisahau bawa moja, na katika miaka yote hiyo hakuna mteja aliyewahi kulalamika.

Mahoro alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Alijua kukata picha za vitambulisho bila kumkata mtu sikio, na alijua kuwaambia wateja wainue kidevu. Kwa sababu hiyo aliamini kwamba hakuna jambo la kamera asilolijua. Baba yake alilijua jambo hilo, akawa anacheka kimoyomoyo.

Jua likianza kuelemea upande wa Kongo, Mahoro aliteremka mteremko hadi Ziwa Kivu pamoja na wenzake wanane. Huko walingojwa na Mwalimu Adrien, mwalimu wa michezo, ambaye dada yake aliyeko Ubelgiji alimtumia mfuko wa miwani ya kuogelea na mirija ya kupumulia. Kazi ya mwanafunzi anayeanza ilikuwa rahisi kuieleza: lala kifudifudi juu ya maji, pumua taratibu kwa mrija, tazama chini. Kuifanya lilikuwa jambo jingine. Siku ya kwanza Kalisa alicheka ndani ya mrija akanywa maji mpaka tumbo likajaa.

Lakini walipozoea, hawakutaka tena kutoka. Ulikuwa mwezi wa nane, kiangazi, na maji yalikuwa safi. Chini yao walipita samaki wadogo wenye milia, kaa walitembea upande upande juu ya mawe kama wazee wanaotafuta viatu vyao msikitini, na jua liliingia majini likachezacheza juu ya mchanga. Mahoro alikuwa akirudi nyumbani na alama ya miwani usoni na furaha ambayo hakujua aiweke wapi.

Tatizo lilikuwa watu wazima. Ulikuwa mwaka 2003, na ziwa halikuwa na sifa njema. Katika miaka ya vita watu wazima walikuwa wameona mambo juu ya maji yale ambayo hawakupenda kuwasimulia watoto. Isitoshe, mwaka uliotangulia volkano ya Goma ilikuwa imemwaga moto mpaka ziwani, na tangu hapo kila mtu aliyekohoa alisema ni pumzi ya ziwa.

Nyumbani kwa Mahoro, mwenye neno la mwisho alikuwa bibi yake mzaa mama, Nyiransabimana. Yeye ndiye aliyemlea Mahoro tangu mama yake alipofariki kwa ugonjwa. Vita vilipolipuka, Mahoro akiwa na miaka mitatu, Bibi alivuka ziwa ndani ya mtumbwi uliojaa watu, mtoto amemfunga mgongoni. Tangu siku hiyo hakuwahi kulikaribia. Ukimtuma achote maji ziwani, afadhali umtume mwezini.

"Ile maji nilivukaka macho yakiwa ya kufunga," Bibi alisema siku alipoziona nywele za Mahoro zimelowa, kwa Kiswahili cha huko ambacho mara nyingi husema ba badala ya wa. "Watu walikuwa banalia mbele na nyuma. Sitaki mujukuu wangu aingie mahali mimi sijui chini yake kuna nini."

"Koko, chini kuna samaki na kaa tu," Mahoro alisema. Huko watoto wengi humwita bibi yao Koko.

"Unasema weye. Weye haukuona yale mimi niliona."

Na Bibi hakuwa peke yake. Wazazi wengine nao walianza kunung'unika, mpaka Mwalimu Adrien akaitisha mkutano.

"Bazazi bataamua Jumapili," aliwaambia wanafunzi wake. "Siwezi kubalazimisha, batoto ni babo. Bakikataa, nitafunga miwani ndani ya mufuko na tutaachia hapo."

Ushindi, rafiki mkubwa wa Mahoro, ndiye aliyejibu kwa sauti ndogo, "Kama bangeona vile tunaona, bangekubali."

"Basi tubaonyeshe," Mahoro alisema. "Tupige picha chini ya maji."

Wazo hilo liliwaka kama kiberiti. Walikuwa na akiba ya faranga elfu kumi na nne, waliyoipata kwa kuosha pikipiki na kuuza mandazi, nao waliiweka kwa ajili ya kununua mirija mingine. Walikubaliana kwa sauti moja kwamba wanunue kamera, na kwamba Mahoro, mtoto wa studio, ndiye akachague. Mwalimu Adrien alimkabidhi bahasha mkononi.

"Lakini muulize baba yako kwanza," alimwambia, akiiita kamera aparei kama wengi wa huko. "Aparei ya maji si sawa na aparei ya nchi kavu."

"Ndiyo, Mwalimu," Mahoro alijibu. Hakumuuliza. Alitaka baba yake azione picha zikiwa tayari, ashangae, amsifu mbele ya wateja. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini Mahoro aliona kwamba msemo huo ulitungwa kwa ajili ya watu wengine.

Siku ya Jumatano yeye na Ushindi walikwenda sokoni kwa Maman Nzigire, mfanyabiashara wa Bukavu, upande wa Kongo, aliyevuka daraja la Rusizi kila asubuhi na gunia la vitu vilivyotumika: pasi, redio, saa za ukutani. Siku hiyo alikuwa na kamera tatu.

"Munatafuta ya kuingia ndani ya maji?" Maman Nzigire aliuliza, akiifuta ya kwanza kwa kitenge chake. Ilikuwa nzito, imefungwa ndani ya kasha nene la kioo. "Hii inashukaka mita makumi ine. Nyinyi munashukaka mita ngapi?"

Mahoro aliziruka mita hizo arobaini. Aliuliza bei. Alipoisikia, alirudi nyuma hatua mbili, kwani kwa fedha hizo mtu angeweza kununua mbuzi, na mbuzi akazaa.

Kamera ya pili ilikuwa ya rangi ya fedha, inang'aa, na ilitoa mlio mtamu ilipowashwa. Pembeni palichorwa matone mawili ya maji. "Ilikuwa ya muzungu mumoja wa shirika," Maman Nzigire alieleza. "Alitembeaka nayo kwenye mvua ya masika yote na haikukufa. Elfu munane. Na matabishi iko."

Akaanza kuyapanga matabishi juu ya meza: mkoba wa ngozi, kamba ya shingoni, betri mbili na filamu moja mpya.

Mtoto aliyekulia kati ya Kamembe na Bukavu hahitaji kuelezwa matabishi ni nini. Ni kile kidogo ambacho muuzaji anaongeza juu baada ya bei kukubaliwa: nyanya moja ya ziada, kiganja cha dagaa waitwao sambaza, nusu kipimo cha maharage. Ukirudi nyumbani bila matabishi watakuuliza kama uliibiwa. Mahoro alipoyaona matabishi ya kamera ile, manne kwa mpigo, moyo wake ulishajinunulia.

"Na ile?" Ushindi aliuliza, akionyesha ya tatu. Ilikuwa kijisanduku ndani ya ganda la plastiki la njano na buluu, na juu yake kulikuwa na mpira mnene wa kuvuta ili kupiga picha.

"Ile ni ya picha makumi mbili na saba. Filamu iko ndani tayari. Ukimaliza, unaipeleka yote, wanaivunja wanatoa picha. Elfu sita. Haina matabishi, ni vile iko."

Ushindi aliishika, akaigeuza. "Mahoro, kwa hii kunaandikwa mita tano. Kwa ile ya fedha hakuna mita."

"Hiyo ni ya kuchezea," Mahoro alisema. "Ona, inafungwa na mpira kama karatasi za mwalimu. Na haina hata kamba. Mimi ni mtoto wa studio, Ushindi."

Ushindi aliirudisha mezani. Mtoto wa studio alilipa elfu nane, akatoka amevaa kamera shingoni, akapita njia ndefu ili watu wengi wamwone.

Kesho yake, ziwani, wote walipanga mstari kuishika kamera kwa zamu. Mwalimu Adrien alikuwa ndani ya maji akimsaidia Kalisa kufunga miwani. Mahoro alilala kifudifudi, akapumua kwa mrija kama alivyofundishwa, akawangoja samaki wenye milia. Walipokuja, aliizamisha kamera mbele ya uso wake na kubonyeza.

Ilipiga picha ya kwanza. Ilipopiga ya pili, kijimstari cha mapovu kilianza kutoka pembeni, povu baada ya povu, kikapanda mpaka juu. Mahoro alibonyeza tena. Ule mlio mtamu ukageuka kuwa mkoromo, kisha ukanyamaza. Ndani ya jicho la kamera palikuwa na ukungu, na chini ya ukungu, maji.

"Imekamata?" Kalisa alipiga kelele.

Nyuso nane zilimtazama, zote na miwani, zote zikingoja. Mahoro alijua la kusema, lakini ulimi ulikwenda upande mwingine. "Imekamata," alisema. "Iko sawa."

Wakashangilia, wakarushiana maji, wakamwimbia wimbo wenye jina lake. Alitamani wanyamaze. Alipokuwa akipanda mteremko kurudi nyumbani, kamera ilimdondoshea matone kwenye sketi njia nzima, na Ushindi, aliyekuwa nyuma yake, aliyaona matone hayo.

Jioni kulikuwa na ugali na sambaza za kukaanga, chakula ambacho kwa kawaida Mahoro hukila mpaka akaramba sahani. Siku hiyo alimega tonge moja akaligeuzageuza. Bibi alimwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Umeona, Nasiri?" alimwambia baba. "Mutoto hakuli. Nilisema. Ile maji imeshamuingilia. Jumapili nitasimama mbele ya bazazi bote niseme vile imemufanya."

Ziwa halikuwa limemfanya Mahoro chochote. Uongo wake ndio uliomnyima hamu ya kula, na sasa Bibi angeutumia kama ushahidi dhidi ya ziwa. Kama angenyamaza siku tatu nyingine, yeye mwenyewe ndiye angekuwa amewafungia wenzake njia ya majini. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Ijumaa asubuhi, kabla mteja yeyote hajaingia, aliiweka kamera juu ya meza ya studio mbele ya baba yake.

"Papa, niliharibu," alisema. Akaeleza yote bila kuruka: Mwalimu kumwambia aulize, yeye kutokuuliza, matabishi manne, mapovu, na uongo aliowaambia wenzake.

Mzee Nasiri aliufungua mgongo wa kamera. Maji yalimwagika mezani, na filamu ilikuwa imegandana kama sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa. Mahoro alingoja afokewe, maana alijua anastahili.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," baba alisema. "Kama ungeniambia Jumapili, ningekupa pole tu. Leo ni Ijumaa, tunaweza kufanya kitu. Kaa hapo. Nyinyi munashuka mita ngapi?"

"Hatushuki, Papa. Tunaelea juu. Tukijaribu sana, ni kama kimo cha Mwalimu."

"Basi hamuhitaji mita makumi ine. Lakini munahitaji mita. Haya matone mawili ni ya mvua. Mvua inagusa aparei, ziwa linaisukuma. Kama kiwandani hawakuandika mita, hawakuahidi mita." Alikausha meza kwa kitambaa. "Nani ataishika?"

"Sote tisa. Kwa zamu."

"Na mikono ya maji, na hamujazoea. Basi vitufe vidogo vya nini? Munahitaji kitu ambacho mutoto anaweza kukivuta akiwa anafikiria kupumua. Na picha munapiga saa ngapi?"

"Jioni, jua likishuka."

"Hapo njo munakosea. Mupige saa sita, jua likiwa kichwani. Maji yanakula mwanga kuliko unavyofikiri."

Mahoro alikuwa ameshaelewa. Masikio yalimwaka tena, lakini safari hii alitaka kucheka. "Papa, Maman Nzigire iko nayo moja. Ya njano na buluu. Inafungwa na mpira. Ushindi aliisoma: mita tano."

"Haina matabishi?"

"Haina."

"Basi bei yake ilikuwa inasema ukweli," mzee Nasiri alisema, na hapo hapo akachukua kofia yake.

Kabla ya kwenda sokoni ilibidi Mahoro afanye mambo mawili, na yote mawili yalikuwa magumu kuliko kununua kamera. Kwanza alimwendea Bibi na kumwambia kwamba hakuwa mgonjwa, alikuwa amesema uongo. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. "Uongo pia unashibisha vibaya," alisema, akamletea kiporo cha sambaza. Pili aliwakusanya wenzake. Kalisa alikasirika, kwa sababu yeye ndiye aliyeosha pikipiki nyingi kuliko wote, na akasema maneno makali ambayo Mahoro aliyapokea bila kujitetea. Kisha Ushindi akauliza kama sasa wamwite Maman Matabishi. Kalisa alijitahidi aendelee kununa, akashindwa, akacheka. Jina hilo lilimganda Mahoro mwaka mzima.

Fedha zilizobaki zilitosha kamera ya njano na buluu, bila hata faranga moja ya juu. Maman Nzigire alikumbusha kwamba kuhusu ile ya kwanza yeye alitaja mvua, hakutaja ziwa, na mzee Nasiri akakubali kwamba ni kweli. Kabla ya kulipa aliangalia tarehe iliyoandikwa kwenye filamu kama haijapita, akapitisha kidole kwenye kingo zote za plastiki kutafuta ufa. Nyumbani aliilaza ndani ya beseni la maji, akaweka jiwe juu yake, akaitazama kwa dakika kumi. Hakuna povu hata moja lililopanda.

"Sasa sikiliza," alimwambia Mahoro. "Msogelee samaki mpaka uone jicho lake. Ukipiga kwa mbali utaleta picha ya maji tu. Usikanyage chini, tope likiamka ngoja lilale. Na picha ni makumi mbili na saba, nyinyi ni tisa."

"Tatu tatu," Mahoro alisema.

"Hata wewe. Tatu."

Jumamosi saa sita jua lilikuwa wima na ziwa lilikuwa tulivu. Mwalimu Adrien aliwapanga wawili wawili, mmoja apige picha na mwenzake amlinde, na hakuna aliyeruhusiwa kwenda mbali kuliko kamba aliyoifunga kati ya mawe mawili. Kamera ya mpira ilipita mkono kwa mkono. Haikulia, haikung'aa. Mtoto aliivuta, ikasema *tak*, basi.

Kalisa alimfuata kaa mmoja mpaka kaa akachoka kukimbia. Binti mmoja alipiga kiatu cha plastiki kilichokuwa kimekaa mchangani, samaki wawili wakiwa wamehamia ndani yake. Mwalimu Adrien alipita mbele ya kamera kwa bahati mbaya mara tatu. Ushindi alipobakiwa na picha moja alimgeukia Mahoro badala ya samaki, akaivuta. Mahoro alikuwa amejaza mashavu hewa, na hakujua kama amepigwa picha.

Alasiri hiyo mzee Nasiri alivuka daraja mwenyewe kwenda kusafisha picha Bukavu, kwenye mashine ambayo studio yake haikuwa nayo, akarudi dakika chache kabla mpaka haujafungwa. Alikataa kumwonyesha mtu bahasha. Hata Mahoro hakuonyeshwa, ingawa aliomba kwa kila jina zuri alilolijua.

Mkutano ulifanyika Jumapili alasiri katika darasa la shule, wazazi wakiwa wamekaa kwenye madawati madogo magoti yakiwa juu. Mwalimu Adrien alizipanga picha mezani. Tano zilikuwa nyeusi kabisa, nne zilikuwa za kidole, na tatu zilikuwa za kaptura ya Mwalimu, jambo lililowachekesha wazazi kabla hawajapata nafasi ya kukunja uso. Lakini zaidi ya kumi zilikuwa nzuri. Kaa wa Kalisa alionekana mpaka macho yake. Mchanga ulikuwa mweupe. Watu walizishika kwa ncha za vidole, wakapeana.

"Samaki nabajua," mzee Munyaneza, baba yake Kalisa, alisema. "Ninabakulaka. Swali langu ni batoto, nani anabachunga?"

Mwalimu Adrien alieleza kuhusu kamba, kuhusu kwenda wawili wawili, na kwamba hakuna mtoto anayegusa maji kama yeye hayupo. Wazazi wengine waliuliza maswali, naye akajibu. Mahoro hakuyasikia. Alikuwa akimtazama Bibi.

Bibi alikuwa ameshika picha moja tu, na hakuipitisha kwa jirani. Ilikuwa ile ya Ushindi. Ndani yake Mahoro alikuwa chini ya uso wa maji, nywele zimesimama, mashavu yamejaa, na macho nyuma ya miwani yalikuwa yakicheka hivi kwamba hata mrija ulikuwa karibu kumtoka mdomoni.

"Hii ni weye?" Bibi aliuliza.

"Ni mimi, Koko."

"Ndani ya ile maji?"

"Ndani yake."

Darasa zima lilimgeukia, kwa sababu kila mtu alimjua Nyiransabimana na walijua alikuja kusema nini. Bibi aliisogeza picha karibu na macho yake, akaiweka mbali, akaisogeza tena. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa imelowa.

"Mimi nilizania ile maji inajua tu sura za bantu ba kulia," alisema. "Sikujua inaweza kubeba muntu anacheka." Akaipangusa picha kwa kitenge ingawa ilikuwa safi. "Aende. Batoto baende. Lakini Mwalimu, ile kamba uikaze."

Munyaneza alikuwa wa kwanza kuinua mkono kukubali, na baada yake mikono yote. Watoto waliokuwa wakichungulia dirishani walipiga kelele, kuku wa shule wakakimbia. Mahoro alimkumbatia bibi yake kwa nguvu, akalia kidogo, na hakujali nani anamwona.

Mzee Nasiri aliomba neno. Aliwaita watoto waingie, akaziweka kamera zote mbili mezani, ile ya fedha iliyokufa na kijisanduku kilichovunjwa cha plastiki.

"Wanangu, tazameni hizi," alisema. "Moja ilikuja na vitu vinne vya juu, nyingine ilikuja peke yake. Mtu akienda kununua, kwanza ajiulize anataka kitu kimfanyie kazi gani, kisha amuulize anayejua. Ziada haiwezi kuziba tundu. Na jambo la pili ni kubwa zaidi. Mahoro alikosea Jumatano, akakosea vibaya zaidi Alhamisi, lakini Ijumaa alisema ukweli. Kama angeuficha mpaka leo, sisi sote hapa tungeamua juu ya uongo. Kosa lililosemwa mapema hupata dawa."

Mahoro aliinamisha kichwa, lakini hakuumia. Maneno yalikuwa ya kweli, na yalimtosha.

"Umesema vizuri, mukwe wangu," Bibi alisema, "na umesema virefu. Kesho saa sita mimi pia nitashuka. Ule mrija sitaki. Munipe miwani."

Kwa hiyo Jumatatu, saa sita, Nyiransabimana aliteremka mteremko ambao hakuwahi kuuteremka tangu siku ile ya mtumbwi. Alivua viatu. Alipiga magoti juu ya jiwe pana, Mahoro akimshikilia kiunoni kwa fundo la kitenge, Mwalimu Adrien akiwa amesimama majini mbele yake tayari kwa lolote. Bibi alinong'ona dua fupi, akavuta pumzi, akautia uso wake ziwani.

Alikaa humo mpaka Mahoro akaanza kuhesabu. Alipoinuka, maji yalimtiririka mashavuni na kidevuni, naye alikuwa akihema kama aliyekimbia. Watoto wote walingoja aseme kitu.

"Mwalimu," Bibi alisema, "sogea kidogo pale. Unanizibia samaki."